Nani Alimfunga Mundhir Taya

Maiti ya Mundhir ilikuwa imefumba mdomo, na jambo hilo lilimuudhi Mkaguzi Muhanna.

Alikwisha kuona watu waliokufa kwa kiu. Wilaya yake, iliyobanwa baina ya jangwa na bahari, haikumnyima maiti za namna hiyo, hasa miaka hii ambapo kila kijana wa Maskati mwenye gari la magurudumu manne anadhani amezaliwa mgongoni mwa ngamia. Wote walikufa midomo wazi, ulimi umevimba na kuwa mweusi. Huyu alilala kwenye meza ya zahanati macho yamefumbwa, midomo imekutana.

"Taya limekaza likiwa limefungwa," alisema daktari. "Halikujifunga lenyewe. Tazama hapa."

Chini ya kidevu palikuwa na alama pana, imepanda mashavuni hadi nyuma ya masikio. Si kamba. Kamba huuma, na hii haikuuma.

"Kitambaa," alisema Muhanna.

"Kitambaa laini, kikaachwa mpaka taya likashika, kisha kikafunguliwa. Muda wake si mdogo, hata kwa joto lile."

Muhanna akamgeukia Sajini Thani, aliyekuwa amesimama mlangoni na kilemba chake puani. "Waliomkuta walimgusa?"

"Wanaapa hawakumgusa mpaka tulipofika, afande. Wamemkuta ubavu wa kulia, uso kibla, macho yamefumbwa. Watu wazima wamelia. Kijiji kizima kinasema kijana amekufa kifo cha walii."

"Walii gani huyo aliyejifunga taya, akafa, kisha akajifungua?"

Thani alikibana kilemba puani.

Nje, barazani, baba yake marehemu alikuwa amekaa kwenye mkeka. Mzee Sulayim alifika tangu alfajiri kutoka Ibra, na gari la kubebea janaza limesimama uani. Kaburi limekwisha kuchimbwa kule kwao. Kilichobaki ni sahihi ya Muhanna tu, kwamba kijana ameuawa na jangwa na si na mtu. Mzee alipomwona akasimama, akajipangusa kanzu.

"Bwana mkaguzi, heshima ya maiti ni kuzikwa. Na joto unaliona."

"Nipe mpaka adhuhuri, Baba Mundhir."

"Mpaka adhuhuri nitangoja. Zaidi ya hapo utaniumiza." Mzee akashusha sauti. "Wamekwambia walivyomkuta? Mtoto hana nguvu ya kuinua kope, akajigeuza kibla mwenyewe. Hilo ndilo linalonisimamisha mimi hapa. Bila hilo ningekuwa nimelala kando yake."

Muhanna aliitikia kwa kichwa, akashuka ngazi. Akitia sahihi, mzee atazika leo na ile alama ya kidevuni itaingia kaburini. Asipotia, maiti itapelekwa Maskati kupasuliwa, na mzee atataka kujua kwa nini. Alimhurumia sana, na huruma ilimfanya awe mkali kuliko kawaida yake.

* * *

Habari ya safari yenyewe haikuwa ndefu. Marafiki watatu, Yarubi, Mundhir na Azani, walitoka Maskati Alhamisi kila mmoja na gari lake, safari ya mwisho kabla joto halijafunga njia. Lami ilipokwisha walishuka, wakapunguza upepo wa matairi, wakavuka vilima vya mchanga mweupe, wakapiga hema ufukweni, mbali na kila mtu na mbali na mtandao wa simu. Ijumaa baada ya chakula Mundhir aliondoka peke yake kwenda Khaluf kuleta barafu, akakata njia katikati ya sabkha. Sabkha ni chumvi juu, uji chini. Gari likazama hadi milangoni. Akalala humo, asubuhi akashika njia kwa miguu. Wenzake walitoa habari polisi Jumamosi baada ya magharibi. Jumapili wanakijiji wakamkuta kando ya kichaka.

Tangu usiku wa Jumamosi Yarubi na Azani walikuwa kituoni, kila mmoja chumba chake. Hakuna aliyewaambia zaidi ya kwamba mwenzao amepatikana amekufa.

Muhanna alikwenda mwenyewe kwenye kile kichaka. Baada ya adhuhuri kivuli chake huanguka upande wa mashariki, na upande huo chumvi ilikuwa imebonyea, mahali mtu alipoketi. Lakini maiti ilikutwa upande wa pili, juani. Baina ya mahali hapo pawili palikuwa na mifereji miwili myembamba iliyochorwa na visigino.

"Mwenye kiu hatoki kivulini," alisema.

"Kavutwa," alisema Thani. "Kichaka kilikuwa kinazuia kibla. Aliyemlaza alitaka nafasi."

Kisha wakayaona matairi. Mchanga husahau, upepo wa baharini huupitia na kufuta kila kitu, lakini chumvi inashika. Gari moja lilikuja kwa ukingo mgumu, likasimama, likageuza, likarudi lilikotoka. Tairi la nyuma la kulia lilikuwa na mkato ubavuni, na mkato ulijichapa kila lilipozunguka.

Pale gari liliposimama palikuwa na tundu. Muhanna akapiga magoti, akatia kidole, kikaingia chote. Kingo za tundu zilikuwa laini, zimeyeyuka.

"Mjusi?" aliuliza Thani.

"Mjusi hachimbi chumvi. Haya ni maji."

Thani alitazama tundu, akatazama mahali Mundhir alipoketi. Ukirusha kokwa ya tende kutoka huku ingefika kule. Alielewa, akatukana tusi ambalo hakuwahi kulitamka mbele ya mkubwa wake.

Yalikuwa maji ya kiyoyozi. Gari lilisimama hapo injini ikinguruma, baridi ndani, likidondosha maji chini tone kwa tone mpaka chumvi ikatoboka. Na kwa tundu la kina kile, halikusimama muda wa kuvuta sigara tu.

* * *

Tairi lenye mkato lilikuwa la Yarubi.

Yarubi alikuwa mtu wa kifua, saa kubwa mkononi, sauti ya kuagiza watu. Hata katika chumba cha kuhojiwa alikaa kama mwenye nyumba.

"Jumamosi nani alikwenda kumtafuta?" aliuliza Muhanna.

"Mimi."

"Na Azani?"

"Nilimwacha hemani. Yule ukimpa gari asubuhi, jioni unakwenda kumvuta kwa kamba. Maskati nzima inamjua."

"Ulielekea wapi?"

"Ufukweni, mpaka vibanda vya wavuvi. Sikuona kitu, nikarudi."

"Sabkhani hukuingia."

"Bwana mkaguzi, nina wazimu? Nimeongoza misafara tangu ndevu hazijaota."

"Tairi lako la nyuma lina mkato."

"Mawe ya njiani."

"Mkato huo umejiandika kwenye chumvi karibu na maiti. Gari lako lilisimama pale na kiyoyozi kinawaka, Mundhir ameketi mbele yako anakauka. Ulikuwa unamtazama, Yarubi? Au ulimpa kisogo?"

Kifua kikashuka. "Wallahi si mimi."

"Umeniambia ulikwenda peke yako."

"Sikwenda! Nililala!" Yarubi akajifuta uso kwa mikono miwili. "Ijumaa usiku tulichelewa kulala, tukidhani Mundhir amelala Khaluf. Asubuhi Azani akaniamsha, akasema Mundhir hajarudi, gari lake yeye Azani halina nguvu, nimpe langu. Nikamtupia ufunguo nikageukia upande wa pili. Alirudi magharibi. Akasema amefika mpaka vibanda vya wavuvi, hakuna mtu."

"Kwa nini basi umejipa safari ya mwenzako?"

"Wewe ni mtu wa huku, unajua. Katika msafara kila dereva ana dhamana ya aliye nyuma yake, na kiongozi ana dhamana ya wote. Watu wakisikia mwenzangu kapotea nami nakoroma, nani atanifuata tena mchangani?"

"Yaani umeona bora uitwe muuaji kuliko kuitwa mlalaji," alisema Thani kutoka pembeni. "Hongera, kiongozi."

Yarubi aliizungusha saa mkononi. Muhanna alimwacha akae na aibu yake kidogo.

"Ijumaa kwenye chakula kulikuwa na maneno?"

"Utani tu."

"Utani gani?"

"Azani anamtaka Shaikha, dada yake Mundhir. Ni mtoto wa ami yake, kakulia nyumba ile ile. Basi siku hiyo amejikaza, kamwambia Mundhir mbele yangu, nataka uniombee kwa mzee. Mundhir akatafuna samaki wake taratibu, akasema, 'Dada yangu simpi mtu anayevutwa kwa kamba kila wiki. Siku ya harusi atazama ukumbini.'" Mdomo wa Yarubi ulitaka kucheka, akauzuia. "Tulicheka mpaka machozi. Hata Azani alicheka."

"Aliyecheka zaidi nani?"

"Mimi."

"Unajua kumlaza maiti?"

"Mimi?" Yarubi alishangaa kweli. "Hata kuku sijapata kuchinja."

* * *

Njia ya mwongo ni fupi, lakini mwongo wa mara moja anaweza kudanganya mara ya pili. Gari lilikuwa la Yarubi, na neno la Yarubi peke yake lilisema halikuendeshwa na yeye. Muhanna alihitaji mikono. Si mikono ya kuua, maana hapa hakuna aliyepigwa wala kunyongwa. Alitafuta mikono iliyojua kufunga taya, ikajua na saa ya kulifungua.

Alirudi zahanati. Mzee Sulayim alikuwa bado pale pale, kivuli kimemkimbia na hakujali.

"Baba Mundhir, nani atamwosha marehemu?"

"Azani," alisema mzee bila kufikiri. "Mtoto wa ndugu yangu. Nimesikia mnaye hapa, mnamwuliza maswali. Mkimaliza nipeni, tuanze kazi."

"Anaijua kazi hiyo?"

"Kuliko sisi wote. Mama yake alipokata roho tulikuwa tumechanganyikiwa, yeye kijana mdogo akavua kilemba chake, akamfunga taya mwenyewe. Akakaa naye anamsomea mpaka lilipokaza, ndipo akamfungua, pole pole, asimchubue. Tangu hapo kila anayekufa kwetu anaitwa Azani." Mzee akatabasamu kidogo. "Ana mkono mwepesi. Mundhir atapenda aoshwe na Azani. Walilala kitanda kimoja wakiwa watoto."

Muhanna alitamani mzee asingesema. Aliyasikia yote, akamshukuru, akarudi kituoni kwa miguu, na njiani hakuitikia salamu ya mtu.

* * *

Azani alisimama alipowaona wakiingia. Kijana mwembamba, mpole, kanzu safi ingawa alilala nayo. Kichwani alikuwa na kofia tupu.

"Kilemba chako kiko wapi?" aliuliza Muhanna.

"Upepo ulikichukua, bwana mkaguzi. Baharini."

"Ulipokwenda kumtafuta Mundhir."

"Ndiyo. Yarubi amekwambia?" Akaweka kofia sawa. "Nilikwenda mpaka vibanda vya wavuvi."

"Wavuvi hawakukuona."

"Labda walikuwa wamelala."

"Labda. Kaa." Muhanna naye akakaa, akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyechoka. "Nina jambo zito, na baba yake sijamwambia. Wewe ni wa nyumba ile, utanisaidia namna ya kulisema. Mundhir amekufa vibaya. Wamemkuta chali, mdomo wazi, inzi wanaingia na kutoka. Miguu ndiyo iliyoelekea kibla."

Azani alikunja uso. "Nani kasema?"

"Waliomkuta."

"Waongo."

"Watu kumi wote waongo? Wao walikuwepo, wewe hukuwepo. Wanasema alikufa kama mbwa. Sijui mzee nitamwambia nini."

"Waongo!" Azani alisimama, kiti kikaanguka. "Hakuwa chali! Mimi nilimlaza vizuri, nilimlaza kama inavyopasa, mdomo haukuwa wazi hata kidogo—"

Thani aliinama, akakiinua kiti, akakiweka mahali pake.

"Kaa," alisema Muhanna tena. "Ni kweli. Ulimlaza vizuri. Ulimkuta hai?"

Azani alikaa. Akaanza kusema kwa sauti ile ile ya upole, kama mtu anayeulizwa njia.

"Hai. Nilifuata alama za gari lake, kisha za miguu yake. Alikuwa ameketi kivulini. Aliponiona akacheka, midomo imempasuka lakini akacheka. Akasema, 'We Azani, umefikaje huku bila kuzama?'"

"Wewe ukasema nini?"

"Nikamwambia maji ninayo. Aseme tu amekubali nimwoe Shaikha. Neno moja."

"Akakataa."

"Akanitukana. Akasema nitaoa ngamia. Nikapandisha kioo, nikangoja."

"Kiyoyozi kinawaka."

"Kulikuwa na joto, bwana mkaguzi."

Kalamu ya Thani ilisimama. Muhanna alimwashiria aendelee kuandika.

"Kwa hiyo alikaa pale mpaka akafa, hajakubali."

"Hapana. Alikubali."

"Lini?"

"Mapema tu, jua halijapanda sana. Alikuja kwa magoti mpaka mlangoni, akagonga kioo. Akasema amekubali, nimchukue hata leo, hata bila mahari. Akaapa."

"Basi kwa nini hukumpa maji?"

Azani aliinua macho, na kwa mara ya kwanza alionekana kushangaa.

"Kiapo cha mtu mwenye kiu? Angekikana akishakunywa. Tena angekwenda kuwasimulia watu nilivyomfanya." Akatikisa kichwa. "Angecheka tu. Unamjua Mundhir? Lazima angecheka."

Nje mtu alikuwa anaosha gari, na maji yalisikika yakimwagika.

"Alirudi kivulini mwenyewe, akawa anakifuata kikihama," aliendelea Azani, bila kuulizwa. "Kabla ya alasiri alikuwa amekwisha. Nikashuka. Nikamtoa pale, nikamwelekeza, nikamfumba macho, nikamfunga taya kwa kilemba changu. Nikamsomea Yasini. Nilipoona limekaza nikafungua. Kilemba nilikizika, hakikufaa kuvaliwa tena."

"Kwa nini ulifanya yote hayo? Ungemwacha alivyo, leo ungekuwa njiani kwenda kumzika."

"Nimwache mdomo wazi?" Azani alikasirika kidogo. "Ni Mwislamu. Ni ndugu yangu."

* * *

Adhana ya adhuhuri ilikuwa inatoka msikitini Muhanna alipopanda ngazi za zahanati. Alimketisha mzee, akaketi naye mkekani, akamweleza. Hakupunguza kitu, maana la kuvunda halina ubani, na mahakamani mzee angeyasikia yote kutoka kwa watu wasiomjua. Alimwambia kwamba maiti haitakwenda Ibra leo. Itakwenda Maskati kwanza.

Mzee Sulayim alisikiliza akiwa ameinama.

"Kwa hiyo hakujigeuza mwenyewe," alisema mwisho.

"Hapana, Baba Mundhir."

"Sawa." Aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. "Nataka kumwona Azani."

"Haifai."

"Nimemlea. Nitamwona."

Thani alimleta hadi chini ya ngazi, pingu mikononi. Mzee hakushuka. Alimtazama kutoka juu, na sauti yake haikuwa na hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Ulimtaka Shaikha?"

"Ndiyo, ami."

"Kwa nini ukamwomba Mundhir? Mundhir ndiye baba yake? Ungekuja kwangu. Ungeketi barazani kama mwanamume, ungepokea kahawa yangu, ukaweka kikombe chini, usinywe mpaka nikuulize haja yako. Ningekwambia, kunywa, mwanangu, umekwisha kupata. Miaka miwili naketi na wewe kila Ijumaa, nangoja uweke kikombe chini. Unakinywa tu."

Azani alifungua mdomo. "Mundhir alisema—"

"Mundhir alikuwa anakutania! Ndiye aliyekuwa ananisihi nisikwambie. Alisema, 'Mwache aje mwenyewe, mzee, ukimwita utamvunja.' Mahari alikuwa amekwisha kuamua atakulipia nusu, kwa siri. Na Shaikha aliulizwa zamani, akasema ndiyo. Nyumba nzima ilikuwa inajua isipokuwa wewe."

Azani akakaa chini uani, juani, pingu mapajani. Alijilamba midomo mara mbili tatu.

"Maji," alisema. "Naomba maji."

Thani alimtazama Muhanna. Muhanna hakusogea, na nusura aseme hapana.

"Mpeni," alisema mzee.

Thani akaleta chupa kutoka ndani ya gari, ingali na baridi. Azani akaishika kwa mikono yake miwili, akanywa mpaka ikaisha.